Atsede wa Kolfe: Sauti yake ilipeleka msiba kwa simu, sasa hungoja mlangoni

Jua halijachomoza Kolfe, na Atsede Worku amesimama nje ya nyumba ya watu bila kubisha. Baridi ya Addis Ababa inauma masikio. Nyuma yake kuna kundi la majirani waliojitanda shuka nyeupe, wengine wameketi kwenye ukingo wa mfereji, na hakuna anayethubutu hata kukohoa.

Ndani ya nyumba amelala Lemma, fundi wa makochi. Mdogo wake amefariki jana huko Jimma, na Lemma hajui. Waliosimama nje wote wanajua.

Atsede ameshika simu kwa mikono miwili. Ujumbe wa msiba umeshaandikwa, una jina la marehemu, kanisa na saa ya mazishi. Unatakiwa kufika kwa kila mwanachama wa chama cha kuzikana, waliomo mtaani na waliohamia mbali. Lakini bado umefungwa.

"Binti wa simu," ananong'ona Gashe Demissew, mzee mwembamba aliyekuwa mpiga tarumbeta wa chama. "Ishike vizuri hiyo. Isije ikapiga chafya."

"Haipigi chafya, Gashe. Nimeifunga."

"Hata mbuzi wangu nilimfunga. Akala shuka ya jirani."

Mwanamke mmoja anauma ncha ya shuka yake asicheke. Padri anafika, miguu imelowa umande. Anabisha. Mlango unafunguliwa, na kundi linaingia taratibu, wanaume mbele, wanawake wawili wenye nguvu wakijipanga ubavuni mwa mwenye nyumba kabla hajauliza kulikoni.

Atsede anabaki nje. Kisha kilio kinapasua nyumba, na sauti za wanawake zinakidaka zisikiache kilie peke yake. Atsede anafuta macho kwa kiganja, anamgeukia Ato Mengesha, katibu wa chama, na kumwambia, "Sasa, Ato Mengesha. Ameshaambiwa."

Anampa simu. Katibu anabonyeza, na wazee wawili walio naye mlangoni wanabonyeza vilevile. Ng'ambo ya uchochoro simu zinaanza kulia, nyumba moja baada ya nyingine.

Hiyo ndiyo kazi ya Atsede, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Kitambulisho chake cha ofisini kinamwita Mwangalizi wa Watumiaji. Kampuni yake ndogo hutengeneza Gorebet, yaani Jirani, mfumo wa simu unaotumiwa na vyama vya kuzikana. Mafundi huuandika mfumo. Kazi ya Atsede ni kuhakikisha kwamba mtu yeyote, awe amesoma au hajasoma, anaweza kuutumia.

"Nikiulizwa kazi gani, nasema mimi ni mlango," anaeleza akitembea kuelekea barabara kuu, viatu vimejaa tope. "Mafundi wako ndani, watu wako nje. Mlango ukiwa mbaya, hakuna anayeingia."

Anatembea kidogo, kisha anajisahihisha mwenyewe. "Ila mlango si wa kuingilia tu. Hilo nimelijua kwa machozi ya mtu mwingine."

Atsede alizaliwa Dessie, mtoto pekee wa fundi cherehani. Baba alifariki yeye akiwa sekondari. Mama alishona sare za shule mpaka macho yakachoka, binti akamaliza chuo cha kompyuta Addis Ababa. Leo analipwa birr elfu kumi na sita kwa mwezi. Sehemu kubwa humezwa na kodi ya chumba na dawa za moyo za mama, na kinachobaki anakijua yeye na muuza mkate wa injera.

Alipoajiriwa, vyama vya kuzikana vilikuwa taabani. Mitaa ya zamani ilikuwa imebomolewa na watu kupelekwa kwenye maghorofa ya pembezoni, kila familia upande wake. Zamani akifa mtu, Gashe Demissew alizunguka asubuhi na tarumbeta, akatangaza, kila mtu akatoka. Sasa angepuliza mapafu yatoke, na tarumbeta isifike hata nusu ya wanachama.

"Watu walikuwa wanazikwa na wageni," anasema Gashe Demissew. "Unamkuta mtu sokoni, unamwuliza mkeo hajambo? Kumbe kaburi lake limeshaota majani. Aibu gani hiyo!"

Ndipo Gorebet ikaja, na Atsede akaifanya kazi yake kama mtu aliyetumwa na mamaye. Alikaa majikoni, kwenye vibanda vya mboga, nje ya makanisa na misikiti, akiwapa watu simu na kuwatazama. Alikuwa, kwa maneno yake, anaangalia vidole gumba vya watu kuliko nyuso zao. Kidole kikisita, alirudi ofisini akagomba na mafundi mpaka kile kilichokisitisha kikaondolewa. Hatua nyingi zikafutwa, herufi zikanenepeshwa, simu ya kitochi ya bei ya chini ikakubaliwa.

Kwa wasiojua kusoma alifanya zaidi. Aliweka sauti. Mwanachama wa namna hiyo akipelekewa ujumbe, simu yake inalia, anapokea, anasomewa. Sauti ni ya Atsede mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza majina ya wanachama na watoto wao yanatamkwaje, kisha akayasema yote kwenye kinasa sauti ofisini. Mkurugenzi wake, kijana aitwaye Surafel, alimsimamia.

"Alinambia, tabasamu unaporekodi. Eti sauti inayotabasamu inasikika vizuri kwenye simu mbovu," anakumbuka Atsede. "Na kweli. Nikatabasamu majina yote."

Mfumo ukapendwa. Vyama vikajiunga kwa makumi. Vikongwe ambao hawakuwahi kubonyeza kitu zaidi ya swichi ya taa wakawa wanapokea habari na kufika makaburini kwa wakati. Ofisini Atsede alipigiwa makofi.

Kisha ikaja siku ya Alganesh.

Alganesh Tufa ni mjane wa Kolfe, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, anayesaga na kuuza pilipili. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Tariku, dereva wa lori la kwenda bandari ya Djibouti. Mwaka jana, katikati ya msimu wa mvua, lori la Tariku lilipinduka karibu na Awash. Alikufa palepale.

Wenzake wa barabarani walimpigia Ato Mengesha. Aliwaza mwili uko njiani, mazishi ni kesho, wanachama wametawanyika, mvua inanyesha. Mpango wa wazee ulikuwa ule ule wa siku zote: wakutane alfajiri kwa Alganesh, wamwambie wakiwa wengi. Wakati huo huo wanachama wajulishwe wajiandae. Akaandika habari, akabonyeza.

Ujumbe ukaenda kwa wanachama wote. Alganesh ni mwanachama.

Hajui kusoma. Kwa hiyo simu yake ikalia.

Alikuwa kwenye mashine ya kusaga, mbali na mtaa wake, katikati ya watu asiowajua. Akaipokea kwa mkono uliojaa pilipili. Sauti ya kike, changamfu, ikamwambia ndugu mwanachama, tuna habari ya msiba. Ikamtajia jina la mwanawe. Ikamtajia na jina lake yeye mwenyewe, mama wa marehemu. Ikamweleza saa ya mazishi. Ikamshukuru kwa kusikiliza.

"Nilianguka," anasema Alganesh. "Nikajishika uso kwa mikono ile ile. Macho yakawaka moto. Wapagazi wakadhani ni pilipili, wakacheka. Mmoja akaleta maji. Ananimwagia usoni huku anacheka, pole mama, pole mama. Na mimi nasema mwanangu, mwanangu, na mashine inanguruma, hakuna anayenisikia."

Katika nchi hii watu husafiri siku nzima na siri ya msiba kifuani, wakila na mfiwa, wakimdanganya kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, ili tu asije akaambiwa akiwa peke yake. Kumwambia mtu msiba wake bila mikono ya kumshika ni jambo ambalo hata adui halifanyi. Gorebet ililifanya kwa tabasamu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini lazima aulizwe aliyeshika mtungi, na hapo ndipo kila mmoja alipoonyesha mikono mikavu.

Ofisini kilikaa kikao. Fundi aliyeandika mfumo alisema ulifanya ulichoagizwa: wanachama wote, mara moja. Ato Mengesha alisema yeye aliambiwa abonyeze, na alipobonyeza hakuulizwa kitu. Surafel alisema mkataba unasema wazi, yaliyomo kwenye ujumbe ni juu ya chama. Chama kikasema mfumo si wao.

"Nikawatazama wote," anasema Atsede. "Wote wanasema kweli. Hapo ndipo nikaogopa. Nikaona sasa yule mama amepigwa na nani? Na upepo?"

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alijua. Baba yake alipofariki, majirani walikuja alfajiri, shangazi akamkumbatia kabla hajaamka vizuri. Asingeweza kusema hakufundishwa. "Ni kitu ninachokijua kama kuvaa viatu. Kwa hiyo sikukiandika popote. Nani anaandika kwamba watu wavae viatu?"

Alimfuata Gashe Demissew, ambaye alikuwa mmoja wa watu waliojaribishiwa mfumo ule. Yalikuwa mazungumzo makali, na mzee anayasimulia bila kujipendelea.

"Akaniuliza, Gashe, ulipokuwa na tarumbeta ulijuaje wakati wa kupuliza? Nikamwambia nilingoja kilio. Kilio kikitoka ndani, napuliza. Akapandwa na hasira, mbona hukuniambia? Nikasema, hukuniuliza. Akasema, nawe uliona mfumo hauna kitu cha kungojea kilio, ukanyamaza!" Mzee anatikisa kichwa. "Alinishika pabaya. Nilikuwa nimeona. Nikadhani watu wenye kompyuta wamekiweka huko ndani, mahali nisipopaona. Na mimi si malaika. Kuna mwaka nilikunywa, nikapuliza kabla ya wakati. Mjane wa watu akatoka na chungu kichwani kuuliza nani kafa."

Hacheki anaposema hivyo.

Atsede alikwenda kwa Alganesh siku ya tatu ya msiba. Hema la chama lilikuwa bado limesimama uani. Aliinama mbele ya mfiwa, akasema neno moja tu la salamu.

Alganesh alipiga ukelele. Sauti aliitambua.

"Ni yeye! Ni yule wa kwenye simu! Mtoeni!" Wanawake wakamtoa Atsede kwa kumshika mabega. Hakuna aliyemtukana. Anasema afadhali wangemtukana.

Alikwenda tena baada ya siku arobaini, akasimama getini, akaambiwa mama amelala. Wakati huo ofisini alikuwa anapigana vita vyake vingine. Alitaka Gorebet ijifunze kungoja: ujumbe wa msiba ufungwe, na usitoke mpaka watu watatu wa chama walio mlangoni mwa mfiwa waseme ameshaambiwa. Na yule mfiwa asipelekewe ujumbe wowote, abaki na watu.

Surafel alishika kichwa. "Sisi tuliuza haraka, Atsede. Sasa unataka tuuze kungoja? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuimbia kila siku kwamba hatua ikizidi watu wanakimbia!"

"Niliimba," alijibu. "Sasa nimesikia wimbo wenyewe."

Anasema alimwambia mkurugenzi wake jambo moja zaidi. "Cheo changu kinasema nihakikishe mtu wa kawaida anaweza kuutumia mfumo. Hakisemi nihakikishe mtu wa kawaida haumii. Hilo tulilichukulia ni la mtu mwingine. Nimemtafuta huyo mtu mwingine jengo zima, simwoni."

Surafel si mtu mbaya, ni mtu wa mishahara ya watu ishirini. Alikubali. Vyama viwili vya maghorofani vimejitoa vikilalamika kwamba habari zinachelewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Atsede hawalaumu; hakuna aliyewahi kuwapigia simu kwenye mashine ya pilipili.

Sauti yake aliiondoa siku ile ile aliyofukuzwa. Ya sasa ni ya Gashe Demissew, iliyokwaruzwa na tumbaku na miaka arobaini ya tarumbeta. Haitabasamu. Mzee analipwa kidogo kwa hilo na amejaa majivuno yasiyovumilika.

"Hata waliohamia mbali wananisikia," anajitapa. "Zamani mapafu, siku hizi teknolojia."

Lakini mlango wa Alganesh ulibaki umefungwa, na Atsede hakuwa analala. Akaomba wazee wamsindikize. Wakaenda mara ya tatu, Ato Mengesha mbele, padri, Gashe Demissew, na Atsede nyuma yao amebeba jiwe shingoni, kama anavyobeba mtu aliyemkosea mwenzake anapokwenda kuomba msamaha. Lilikuwa jiwe la kweli, la kujengea. Alilichagua yeye, zito kuliko alivyoshauriwa.

Alganesh aliwaacha wasimame uani kwa muda. Kisha akatoka, akamtazama msichana aliyeinama mpaka jasho likamdondoka puani.

"Liweke chini," alisema. "Una shingo ya kuku. Litakuvunja, waje waniambie na hilo."

Wazee wakapumua, wakidhani yamekwisha. Alganesh akainua mkono. Alisema hajasamehe, na asiambiwe amesamehe kwa sababu jiwe limewekwa chini. Alisema hakuna aliyemuua mwanawe isipokuwa barabara. Alisema angejua tu, iwe kwa simu au kwa watu, Tariku asingerudi.

"Ila nilianguka peke yangu," alisema. "Nina majirani mia tatu, nalipa mchango wangu tangu nikiwa msichana, nimewashika wajane wa watu mpaka mikono ikafa ganzi. Siku yangu ilipofika, mikono yao ilikuwa wapi? Ilikuwa imeshika simu, inasoma habari zangu."

Ato Mengesha alilia wazi wazi, na ni yeye anayetaka iandikwe hivyo.

Tangu siku hiyo Atsede amekuwa akienda kwa Alganesh kila Jumapili. Hakualikwa; alikwenda tu. Majuma ya mwanzo alichambua pilipili kimya na kuondoka. Baadaye akawa anaambiwa kwamba anachambua vibaya, vidole vyake vya ofisini vinaacha vikonyo. Ikafika Jumapili akaambiwa akae anywe kahawa, na nyingine akaambiwa habari za Tariku, jinsi alivyokuwa mwoga wa kuku utotoni, yeye aliyekuja kuwa lijitu zima la kuendesha lori.

Asubuhi hii, baada ya kilio cha Lemma, Atsede hakurudi ofisini moja kwa moja. Wanawake wawili wenye nguvu walioingia kumshika Lemma ubavuni, mmoja wao alikuwa Alganesh. Chama kikiwa na msiba, yeye huwa wa kwanza kufika, na hukaa upande wa mkono wa kulia wa mfiwa. Alipotoka, shuka yake ilikuwa imelowa machozi ya mtu mwingine. Wakatembea pamoja hadi kwake, mmoja mzito, mmoja mwepesi, wakikwepa madimbwi.

Kahawa ilikuwa inachemka. Atsede alikuwa na jambo, na Alganesh, aliyekwishamzoea, alimwacha alizungushe.

"Emama," alisema hatimaye. "Mama yangu Dessie. Daktari anasema moyo umechoka."

"Mungu ampe nguvu."

"Amina. Ila..." Alikikoroga kikombe ambacho kilikuwa hakina kitu. "Hapa Addis sina ndugu. Nimejiunga na chama, na kila mwanachama sasa anataja nani amletee habari siku atakapofiwa. Nimewapangia watu wote. Mimi sijataja mtu."

Alganesh aliendelea kupepea makaa.

"Nilipanga nikuombe uwe wewe. Ukikataa nitaelewa, Emama, sitakuja na jiwe. Lakini siku hiyo nisingependa aje mwingine."

Mkono wenye upepeo ukasimama. Nje watoto walikuwa wanakwenda shule wakipigiana kelele, na Alganesh aliwasikiliza mpaka wakapita wote. Alikuwa na haki ya kusema hapana. Hakuna mtu Kolfe ambaye angemlaumu.

"Usiku uwe unafunga mlango kwa komeo jepesi," alisema Alganesh, na akamjazia kikombe. "Nitakuja na wenzangu. Utajua ukiniona, kwa hiyo usiniulize kitu. Nitakushika kwanza, mwanangu, ndipo nitasema."